Kwa nini gari lenye boneti iliyofungwa lilishinda langu?

Swali: "Fundi, huu ni mwaka wangu wa tatu kujenga modeli za magari. Nimetumia miezi minne kwenye gari la miaka ya 1960 lenye injini ya V8, skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi. Nimeikata milango yote miwili ifunguke, nimeweka nyaya za plagi, mabomba ya breki na mikanda ya viti. Nililipeleka kwenye maonyesho ya klabu na halikupata hata nafasi ya tatu. Lililoshinda kundi letu lilikuwa gari la kawaida kabisa, boneti imefungwa, hakuna cha ziada. Nimekutumia picha sita. Majaji wanaangalia nini? Mwakani niongeze vitu gani?"

Ndugu yangu, kwanza pole. Miezi minne ya kukesha na kibano mkononi si jambo dogo, na ninajua lile joto linalopanda masikioni majina yanaposomwa na lako halitajwi. Nimekaa upande wako wa meza, na kwa miaka mingi nimekaa pia upande wa majaji. Picha zako nimezitazama zote, zaidi ya mara moja. Mwakani usiongeze kitu. Punguza makosa. Najua jibu hili linauma, kwa hiyo nitakueleza moja baada ya lingine nilichokiona, ili usidhani nakuzungusha.

Uelewe kwanza jinsi kazi ya ujaji inavyokwenda. Kundi moja linaweza kuwa na magari ishirini mezani, na majaji, aghalabu watatu, wana muda mfupi na tochi ndogo. Hawaligusi gari. Mzunguko wa kwanza hawatafuti mshindi, wanatafuta sababu ya kuliondoa gari kwenye mashindano ili wabaki na matano au sita ya kuyachungulia kwa utulivu. Sababu hizo ni za msingi: mstari wa kalibu ulioachwa, gundi iliyovuja, gurudumu lisilogusa meza, rangi yenye vumbi, kioo chenye ukungu. IPMS, chama cha wajenzi wa modeli za plastiki kilichoanzia Uingereza mwaka 1963 na ambacho klabu nyingi duniani hufuata mfano wake, hupima hivyo hivyo, misingi mbele na mapambo nyuma. Nyaya zako za plagi zingesaidia sana kama gari lingefika mzunguko wa pili. Kwa nilichokiona kwenye picha, nadhani halikufika.

Tuanze na picha ya kwanza, ile uliyoipiga kutoka mbele kwa juu. Tazama madigadi ya kushoto. Kuna mstari mwembamba unaotoka karibu na taa, unapita juu ya madigadi, unapanda nguzo ya kioo cha mbele, kisha unafuata ukingo wa paa hadi nyuma. Huo ni mstari wa kalibu. Bodi ya plastiki hutengenezwa ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande kadhaa, na pale vipande vinapokutana plastiki hujipenyeza kidogo na kuacha ukuta mdogo kama ukingo wa ukucha. Gari halisi halina kitu hicho. Kwa jicho la kawaida hauonekani sana kabla ya rangi, ndiyo maana wengi wanaupita. Ukishapiga rangi inayong'aa, mwanga unateleza juu ya paa, unafika pale, unavunjika. Jaji mwenye tochi anauona kutoka hatua mbili.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Kwangua mstari kwa mgongo wa kisu (usitumie makali yake), ukivuta taratibu kuelekea kwako kama mtu anayepara karoti. Kisha pitisha msasa namba 400 wenye maji, halafu 600. Piga praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu nyepesi. Sasa zima taa za chumba, washa taa moja tu na uiweke ubavuni mwa bodi, si juu yake. Mwanga wa ubavuni hauna huruma: kila kivimbe kinatupa kivuli. Utaona pia vishimo vya kunywea, maana plastiki hunywea inapopoa sehemu zilizo nene, hasa juu ya mahali ambapo kwa ndani kuna kishikio. Vijaze puti, piga msasa, rudia praima. Mimi huchukulia praima kama swali ninaloiuliza bodi, na nimewahi kuiuliza bodi moja mara tano kabla sijaridhika na jibu.

Sasa milango. Hapa ndipo nilipotua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu naona umeweka moyo wako wote. Kwenye picha ya tatu umeweka rula kando ya gari, na nakushukuru, imenirahisishia. Mwanya kati ya mlango na bodi ni kama milimita 0.7. Zidisha mara 24: karibu milimita 17. Kwenye gari halisi mwanya wa mlango ni milimita nne au tano. Kwa hiyo jaji anaona gari ambalo mtu anaweza kuingiza kidole kwenye mwanya wa mlango uliofungwa, na upande wa kulia mlango umekaa chini kidogo kuliko mstari wa ubavu, kama gari lililowahi kugongwa likanyooshwa haraka haraka.

Hesabu hii ya kuzidisha mara 24 ifanye kuwa tabia. Unywele wa kichwani una unene wa takriban milimita 0.07, na ukinaswa kwenye rangi ya boneti unakuwa waya wa karibu milimita 1.7 uliolala juu ya gari halisi. Mafundi wa bodi wasingeliachia gari hilo litoke karakana. Waya wako wa plagi nimeupima kwa rula ile ile: kama milimita 0.8. Mara 24 ni milimita 19, bomba la kumwagilia bustani. Waya halisi wa plagi huwa na unene wa milimita saba au nane, yaani kwenye skeli yako unahitaji waya wa milimita 0.3 hivi. Hata rangi yenyewe ina skeli. Tabaka zako zote pamoja, praima, rangi na vanishi, zinaweza kufika milimita 0.1, ambayo kwa gari kamili ni zaidi ya milimita mbili za rangi. Ndiyo maana mistari ya boneti na buti kwenye gari lako imekuwa mifereji ya kina kifupi, karibu kufutika. Rangi imeijaza. Mistari hiyo huchimbwa upya kabla ya praima, kwa mgongo wa ncha ya kisu au sindano iliyoshikwa kwenye mpini, mpito mwepesi baada ya mpito mwepesi.

Kuhusu kukata milango, ushauri wangu ni huu, na ninausema nikijua wapo mafundi ninaowaheshimu ambao hawatakubaliana nami: usikate mlango hadi uwe umejenga magari matatu yaliyofungwa ambayo hayana kosa la bodi. Ukiwa tayari, usitumie msumeno, unakula plastiki nyingi. Fuata mstari wa mlango kwa mgongo wa kisu, tena na tena, hata mara hamsini, mpaka kisu kitoboe chenyewe. Kisha bandika kipande chembamba cha plastiki cha milimita 0.25 kwenye kingo za mlango, kipunguze kwa msasa, jaribisha, punguza tena. Jaribisha ukiwa umekwishapiga praima pande zote mbili, kwa sababu rangi nayo inachukua nafasi yake.

Rangi yako kwa ujumla ni nzuri kuliko unavyodhani. Imefunika sawasawa, rangi ya chini haijajitokeza, na nyekundu uliyoichagua ni sahihi kwa gari la enzi hizo. Tatizo ni uso wake. Una ganda la chungwa, vile vidoto vidogo vinavyofanya taa ya dari ionekane imepondekapondeka kwenye paa badala ya kujiona kama kwenye kioo. Hutokea pale rangi inapokuwa nzito, au brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi, ikiwa mbali mno, matone yakafika yamekwisha kuanza kukauka. Rangi ichanganywe na thina hadi iwe kama maziwa: ukiitikisa kwenye ukuta wa kikombe, iteremke ikiacha utando mwembamba. Mpito wa kwanza uwe ukungu tu, wa pili hivyo hivyo, wa tatu ndio uulowanishe uso. Na kabla ya hayo yote, osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha usiiguse kwa vidole vitupu tena. Kwenye ubavu wa kushoto karibu na tairi la nyuma naona doa la duara ambako rangi imekimbia. Hiyo ni dalili ya mafuta, yawe ya kidole au ya kalibu.

Ganda la chungwa hutibika kwa kung'arisha, na hapa subira inahitajika kuliko mkono mzuri. Vanishi ikishakauka kabisa, tumia vitambaa vya msasa laini wenye maji, kuanzia 3600, 4000, 6000, 8000 hadi 12000, halafu polishi kwa kitambaa cha pamba. Kila namba ibadilishie mwelekeo: ukienda mbele na nyuma kwa 3600, nenda kushoto na kulia kwa 4000, ndipo utajua mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Kaa mbali na kingo. Kwenye ukingo wa boneti na mikunjo ya ubavu rangi huwa nyembamba, na mipito mitatu tu inatosha kufika kwenye praima. Mimi hubandika tepu ya karatasi juu ya kingo zote kwanza, nang'arisha katikati, kisha naitoa na kumalizia kingo kwa polishi peke yake.

Utajuaje vanishi imekauka? Nusa. Weka pua karibu na bodi. Kama bado unasikia thina, hata kidogo, bado inakauka, hata kama imeshika kwa juu. Rangi za mafuta zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Kanuni hii nililipia. Nilikuwa na gari jeusi, la kwanza ambalo paa lake lilionyesha taa ya dari kama kioo cha kunyolea. Vanishi ilikuwa na siku nne. Nililifunga kwa plastiki ile ya vipovu, nikaliweka kwenye boksi na kusafiri nalo. Nilipolifungua kwenye meza ya maonyesho, paa zima lilikuwa na alama za duara, safu kwa safu, kila kipovu kimejichora. Sikulisajili. Nilisimama pale asubuhi nzima nikitazama magari ya wenzangu. Tangu siku hiyo hakuna kinachogusa bodi ya gari langu safarini. Gari hukaa juu ya ubao, limezuiwa kwa chini kwenye chesi (fremu ya chini ya gari) au kwa vigingi vyenye sponji mbele na nyuma ya magurudumu, na boksi linalofunika haligusi popote. Usiliache boksi hilo kwenye gari lililofungwa juani. Plastiki nyembamba hupinda kwa joto mapema kuliko watu wanavyofikiri, na stika na gundi hulegea mapema zaidi.

Picha ya nne, urembo wa kromu kuzunguka vioo. Umeuchora kwa brashi na rangi ya fedha, na mkono umetikisika kwenye kona. Hata ungekuwa na mkono wa jiwe, rangi ya fedha haifanani na kromu. Wajenzi wa magari hutumia karatasi nyembamba sana ya chuma yenye gundi kwa nyuma, maarufu zaidi ikiwa ile ya Bare-Metal Foil. Kata ukanda mpana kuliko urembo, ulaze, usugue kwa kijiti cha pamba mpaka kila mchirizi wa bodi ujitokeze. Chukua wembe mpya, na ninaposema mpya namaanisha uliotoka kwenye karatasi yake dakika hii, kwa sababu wembe uliochoka hauikati karatasi hiyo, unaichana. Pitisha kwenye ukingo kwa uzito wa wembe wenyewe tu, kisha inua ziada kwa kibano. Ukikosea, toa yote urudie. Hupotezi chochote ila dakika kumi.

Picha ya tano ndiyo nadhani iliyokumaliza, na ni kitu kidogo kuliko vyote. Gurudumu la mbele la kulia halijagusa meza. Mwanya ni kama nusu milimita, lakini mara 24 ni milimita 12, na gari linaloelea kwenye kona moja linaonekana hata na mtoto. Siku ya kuunganisha ekseli, liweke gari juu ya kipande cha kioo, kwa sababu meza nyingi hazijanyooka. Ingiza ukanda wa karatasi ya kuandikia chini ya kila tairi. Ukipita bila kukwama, tairi hilo linaelea. Rekebisha kabla gundi haijashika kabisa, kisha weka uzito mdogo juu ya paa mpaka asubuhi. Tazama pia kutoka mbele na nyuma kama magurudumu yamesimama wima na yanalingana. Ukiwa hapo, pitisha msasa kwenye uso wa matairi unaokanyaga barabara: ule mng'ao wa mpira mpya na mstari wa katikati vyote huondoka, na tairi linaanza kuonekana kama limetembea barabarani.

Mambo ya ndani sina mengi ya kusema. Mikanda ni safi, dashibodi ni safi sana, na napenda ulivyopaka saa zake tone la vanishi zionekane kama zina kioo. Ila kioo cha nyuma kina ukungu mweupe kwenye kona. Hiyo ni supagluu: mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo ikikauka huwa angavu na haitoi mvuke wa kudhuru.

Na injini, kwa kuwa ndiyo unayojivunia. Injini yako ina silinda nane na nimehesabu nyaya nane kwenye kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Kwa injini ya enzi hizo ziwe tisa: nane za plagi na moja ya katikati inayokwenda kwenye koili. Jaji anayejua magari ataliona hilo haraka kuliko atakavyosifu zile nane. Ukiamua kuongeza kitu, kiwe sahihi, la sivyo kinageuka kosa ulilojitengenezea mwenyewe, ambalo lile gari la boneti iliyofungwa halikuwa nalo. Mshindi wako hakuwa mvivu. Alichagua kundi la vitu vichache, akavifanya vyote bila dosari. Siku nyingine msogelee, muulize alipiga praima mara ngapi. Wajenzi wengi wazuri hufurahi kuulizwa, na mimi mambo mengi niliyokuandikia hapa niliyapata hivyo, nimesimama kando ya meza na mtu aliyenishinda.

Kuhusu karatasi ya kujisajili: soma maelezo ya makundi kabla, si asubuhi ile. Klabu nyingi zina kundi la magari yaliyojengwa kwa vilivyomo ndani ya boksi tu, na kundi la magari yasiyoonyesha injini. Kwa gari lako linalofuata, hayo ndiyo mahali pako. Weka kando ya gari karatasi moja yenye picha ya gari halisi na mistari michache ya ulichofanya. Jaji hawezi kujua umebadilisha taa za nyuma usipomwambia. Usiliweke juu ya kioo cha kujitazamia kama hujamaliza upande wa chini, maana unamwonyesha jaji kitu ambacho asingekiona. Chukua brashi laini ya kupangusa vumbi, tone la gundi nyeupe na vijiti vya meno kwa ajili ya kioo cha pembeni kitakachodondoka njiani, kwa sababu kitadondoka.

Hilo la milango nalo lisikae kabatini. Yapo maonyesho yasiyo na majaji kabisa, kama yale yanayojulikana kwa herufi NNL, yaliyoanza Marekani mwaka 1980, ambako wajenzi wenyewe hupigia kura walichokipenda. Kama klabu yoyote unayoweza kuifikia huandaa ya namna hiyo, lipeleke huko, milango wazi, boneti wazi. Watu watainama.

Kwa sasa usilibomoe. Rekebisha gurudumu, safisha kioo, ongeza waya wa tisa, basi. Kisha chukua seti mpya ya gari rahisi, ikiwezekana lenye paa la chuma na mistari iliyonyooka, na ushughulike na bodi peke yake kwa wiki tatu za kwanza. Ukishapiga praima ya pili, kabla hujagusa rangi, nitumie picha moja tu: paa na madigadi, taa moja ikiwa ubavuni.